Mtaalamu wa Nyayo

Siku aliyokwenda zahanati, Mafuta alikuwa buheri wa afya. Alifuata cheti cha ugonjwa, si chake bali cha mteja wake mmoja aliyetaka kuugua wiki mbili bila kuumwa, na alikuwa amekaa kwenye benchi akijifunza kukohoa. Jina la Mafuta alipewa na mji, na mji hautoi majina bure. Maneno yake yaliteleza. Aliwahi kumuuzia mtu mwamvuli wake mwenyewe, na mtu yule akaondoka akimshukuru.

Mlango wa muuguzi ulikuwa wazi nusu. Ndani alikaa mama mmoja mtu mzima, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, uso ameuelekeza dirishani ingawa aliyekuwa akisema naye alikuwa upande wa pili. Nyuma yake alisimama binti yake, funguo za gari mkononi.

"Hii ni mara ya pili," binti alikuwa akisema. "Kwanza paji la uso, sasa mkono. Mama, ukianguka tena unahamia kwangu. Chumba cha nyuma kipo tayari."

"Chumba cha nyuma hakiingii cherehani."

"Cherehani ya nini tena, mama, na macho yenyewe ndiyo hayo?"

"Mimi nashona kwa vidole. Hiyo sketi uliyovaa nani kakushonea?"

Binti aliitazama sketi yake. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliingilia kati.

"Sikilizeni. Mtu anayeanguka hatibiwi kwa kufungiwa chumbani. Miguu ikikaa inazidi kulegea. Kuna mazoezi. Mama akiyafanya miezi mitatu, nitakwenda mwenyewe kule kwenye ukumbi wa chama chao cha wazee nimpime mbele yako. Akifaulu, anabaki nyumbani kwake na cherehani yake. Akishindwa, chumba cha nyuma. Na lile zulia la ukumbini lililomkwaza litolewe leo hii hii."

Binti alikubali. Mama naye alikubali, ila kwa shingo upande, maana katika nyumba yake alijua kila ukuta na kila msumari, na kwa binti yake angekuwa mgeni mpaka kufa. Muuguzi akampa karatasi. "Kila kitu kimeandikwa humu. Soma, ufanye kila siku."

Maandishi ya karatasi ile yalikuwa madogo kama chawa. Aliyeitunga alikuwa mtaalamu wa wazee wasioona, na hapana shaka yeye mwenyewe aliona vizuri sana.

Binti alikwenda dirisha la dawa. Mama akaja kukaa kwenye benchi, karatasi ameishika mbele ya uso. Mafuta aliacha kukohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, nimeishika sawa?"

"Umeigeuza juu chini."

"Basi tumelingana, mimi na aliyenipa."

Mafuta alicheka, akaichukua, akamsomea. Kukaa na kusimama bila kutumia mikono. Kuinuka kwa vidole vya miguu. Kutembea kisigino mbele ya vidole, pembeni ya meza. Kusimama mguu mmoja. Mama alisikiliza bila kupepesa.

"Ina upande wa pili?" aliuliza.

Mafuta aliigeuza. Chawa wengine walimtazama kutoka upande ule, wengi kuliko wa kwanza, na macho yalikuwa yameshamchoka.

"Mtupu," alisema.

Mama alishusha pumzi. Alimweleza kwamba watu humwita Mama Fundi, kwamba wako kumi na mmoja katika chama chao cha wazee wenye macho mabovu, wana ukumbi juu ya duka la magodoro, na kwamba hakuna hata mmoja wa kuwasomea wala kuwaangalia nani kapinda na nani kanyooka. Wangepata mtu mwenye macho, wangempa chochote.

Wazee kumi na mmoja, na hakuna anayeona. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Mama," Mafuta alisema, na sauti yake ikashuka mpaka pale ilipokuwa ikishuka kila alipotaka kumla mtu, "unajua unaongea na nani?"

"Nitajuaje, mwanangu, na sioni?"

"Mimi ni mtaalamu wa nyayo."

Jumanne iliyofuata alikwenda ukumbini kukagua mawindo. Ngazi zilikuwa ndani ya jengo, nyembamba, giza mchana kweupe, kwa kuwa taa ilikuwa imekufa zamani na wenye ukumbi hawakuona haja ya kuibadilisha. Chini ya ngazi, pamoja na takataka nyingine, kulikuwa na zulia kuukuu lililokunjwa, gumu, limechakaa katikati. Mafuta alilitazama kwa upendo. Alikwenda nalo kwake, akachukua kisu, akakata soli kumi na moja za mguu wa kulia na kumi na moja za mguu wa kushoto, akazipulizia manukato. Akaziita Soli za Mizani. Yeyote atakayezivaa, ardhi itamshika kama mama anavyomshika mwanawe.

Wiki ya pili aliwakalisha wazee kwenye viti vya mbao, akawahutubia robo saa juu ya elimu ya nyayo, elimu ambayo ilizaliwa palepale alipofungua mdomo. Kisha akazungusha jozi moja. Mama Fundi aliipapasa, akainusa, akaipapasa tena upande wa chini. Akampa Mzee Dereva.

Mzee Dereva aliendesha malori miaka thelathini, na alipoacha kuona alibaki na masikio. Gari likipita mtaa wa tatu alikuambia breki zake zina kasoro gani. Aliiweka soli sakafuni, akavua kiatu, akaikanyaga.

"Zimetoka mbali hizi?" aliuliza.

"Mbali sana, mzee wangu. Kwa meli."

"Naamini. Zinaonyesha zimetembea."

Kikohozi kilizunguka ukumbini, kutoka kiti hiki mpaka kile. Mafuta alidhani ni mshangao, na akaendelea kusema kwamba kwa wazee hawa tu, na kwa wiki hii tu, bei ingekuwa ya kindugu.

"Soli ni nzuri, mwalimu," Mama Fundi alimkatiza kwa upole. "Lakini soli bila miguu ni nini? Wewe tufundishe kwanza. Miguu ikishakaa sawa, tunazichukua zote, jozi kumi na moja. Na mimi binafsi nina ahadi yangu." Akanyoosha mkono mzima kuelekea kona, palipokuwa na sanduku la bati lenye kufuli. "Atakayenisimamisha siku ya kupimwa, sanduku lile ni lake na vyote vilivyomo. Nitamkabidhi kwa mikono yangu."

"Mama Fundi!" Mzee Dereva alisema kwa hofu. "Maneno kama hayo hayasemwi mbele za watu."

"Mwalimu si watu. Mwalimu ni mwalimu. Hebu nisogezee huku, baba."

Mafuta alilisogeza. Lilikuwa zito, na ndani kitu kililia, chuma kwa chuma, au pengine si chuma. Moyo wake nao ukalia hivyohivyo. Aliwaza mjane, mume aliyekufa na siri zake, vidani vya zamani, watu wasioamini benki. Mambo ya soli akayasahau kabisa. Kwa nini mtu achune mbuzi kumi na mmoja wakati ng'ombe amejifunga mwenyewe?

"Simameni!" aliamrisha. "Bila mikono! Mikono kifuani! Moja, mbili..."

Hivyo ndivyo tapeli mmoja mashuhuri alivyoingia kazini kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa, kwa malipo ya chai. Alikaa kwenye kiti, miguu juu ya kiti kingine, akila biskuti za chama na kusoma karatasi. "'Simama nyuma ya kiti, inua visigino.' Inueni. Mzee Dereva, unapinda mgongo." Yeye mwenyewe hakuinua kisigino hata kimoja. Mazoezi ni ya wazee, alisema, na yeye alikuwa na shughuli ya kuona.

Wiki ya nne alisoma: "'Ukishazoea, funga uzito mdogo kwenye vifundo vya miguu.' Hilo hatuna, turuke." Akaruka. Hakuona Mama Fundi alivyogeuza kichwa kumsikiliza vizuri.

Tangu hapo lilitokea jambo la kumfurahisha. Sanduku lilianza kuongezeka uzito. Kila alipofika mapema alilinyanyua kidogo kwa siri, na kila wiki lilikuwa limenenepa. Siku moja aliwakuta wazee wakilizunguka, kifuniko wazi, kila mmoja akitia chochote, na alipokanyaga mlangoni kifuniko kikafungwa haraka na Mama Fundi akaketi juu yake. Wanaweka akiba, Mafuta aliwaza. Wote kumi na mmoja! Usiku ule hakupata usingizi kwa mapenzi.

Jambo la pili halikumfurahisha, lilimtisha. Mzee Dereva, aliyeanza kwa kushika kiti kama usukani, wiki ya nane alisimama mguu mmoja akihesabu mpaka kumi, na Mafuta akajikuta amepiga makofi. Makofi ya kweli. Wiki ya tisa Mama Fundi alitembea kisigino mbele ya vidole pembeni ya meza nzima, mkono ukielea hewani bila kuigusa, akageuka, akarudi. Mafuta alikuwa amesimama, biskuti mkononi, akinong'ona, "Taratibu, mama, taratibu, hapo hapo." Alipofika kwake alijitazama kwenye kioo na kujitukana. Lakini kufurahi alifurahi, na asikudanganye mtu.

Siku ya kupimwa ikafika. Muuguzi alikuja na saa ya mkononi. Binti alikuja na maboksi matupu ndani ya gari, kwa kuwa hakutaka kufanya safari mbili. Hilo Mama Fundi alilijua mapema, Mzee Dereva alishamwambia kwamba gari lililosimama chini limebeba maboksi, aliyasikia yakigongana lilipofunga breki.

"Umeleta maboksi, mwanangu?"

"Ni kwa... ni tahadhari tu, mama."

"Sawa. Mimi pia nimechukua tahadhari."

Muuguzi alipima umbali wa hatua chache kwa miguu yake, akaweka kiti. "Kabla hatujaanza," alisema, "huyu mwalimu wenu nampongeza sana. Tukimaliza nataka nikae naye kidogo. Nitaomba kuona vyeti vyake, nimpendekeze na kwingine."

Mafuta alikuwa na vyeti vingi, lakini vyote vilikuwa vya ugonjwa. Ahadi ya sanduku ilikuwa baada ya kupimwa, na mazungumzo ya vyeti yalikuwa baada ya kupimwa, na kati ya hayo mawili hakuona mlango. Aliona mlango mwingine, ule wa kawaida, hatua nne kutoka kwenye sanduku.

"Simama," muuguzi alisema. Mama Fundi alisimama, mikono kifuani. "Tembea." Akatembea, akageuka bila kuyumba, akarudi, akaketi. "Vizuri. Vizuri sana. Sasa la mwisho. Mguu mmoja, mpaka kumi, bila kushika kitu."

Binti hakuweza kutazama. Aliufunika uso wake kwa viganja viwili. Ukumbi ulikuwa kimya, na katika kimya kile Mafuta aliliinua sanduku, akalikumbatia, akatoka kwa ncha za vidole. Angalau zoezi hilo moja alilifanya.

Ni vizuri msomaji aelewe hali yake. Ngazi giza. Mikono miwili yote imekumbatia bati, hakuna wa kushika reli. Sanduku limemfika kidevuni, miguu haioni. Wiki kumi na mbili alipanda na kushuka pale akiangalia anapokanyaga, kwa hiyo hakuwahi kuhesabu ngazi hata siku moja. Wazee kumi na mmoja wa ukumbi ule walijua kwamba ngazi ni kumi na tano na kwamba ya kumi na tano imemeguka ukingo. Mtu pekee aliyeshuka bila kuona siku ile alikuwa Mafuta, na alikuwa akishuka haraka.

"...sita... saba..." muuguzi alikuwa akihesabu.

Kishindo kilichotoka chini kilitikisa vikombe mezani. Bati liligonga ukuta, likagonga sakafu, kisha vyuma vikabiringika, na juu ya yote hayo ukasikika mlio wa mtu.

Binti alipiga kelele bila kutoa mikono usoni. "Nilisema! Nilisema mimi! Ameanguka!"

"Nani kaanguka?" sauti ya mama yake ilimjibu. "Fumbua macho, mwanangu. Mimi bado nimesimama na mguu mmoja, ni huyu muuguzi aliyeacha kuhesabu."

Binti alifumbua. Mama yake alikuwa katikati ya ukumbi, mguu mmoja juu, mikono kifuani, amenyooka kama mlingoti wa bendera.

"Nane, tisa, kumi," muuguzi alimalizia haraka haraka. "Kumi na mbili. Kumi na tano. Mama, inatosha, shusha mguu."

"Mpaka binti yangu aseme kaona."

"Nimeona, mama," binti alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nimeona. Shusha."

Walishuka wote. Binti na muuguzi peke yao ndio walioshuka wakipapasa ukuta. Wazee walishuka mmoja nyuma ya mwingine, mkono kwenye reli, wakihesabu kwa sauti ya chini, na kwenye ya kumi na tano kila mmoja aliongeza hatua yake kidogo bila kufikiri. Mafuta alikuwa amelala sakafuni, kifundo cha mguu kinavimba mbele ya macho yake. Kufuli limefunguka. Pembeni yake, kati ya makasi na vyuma vya cherehani iliyokufa, vilitapakaa vifuko vidogo vya kitambaa cha suruali, vimeshonwa vizuri, kila kimoja na kamba zake za kufungia. Kimoja kilipasuka. Ndani yake mlikuwa na mchanga na nati kuukuu za lori.

Alipigwa changa la macho, na safari hii changa lilikuwa la kweli.

"Karatasi ilisema tuongeze uzito vifundoni," Mama Fundi alisema, akiinama kuvikusanya kwa vidole. "Wewe uliruka. Mimi nikashona. Nati katoa Mzee Dereva, mchanga tumechota kila mtu kwao."

"Mama... nilikuwa nakuteremshia tu, nikupunguzie..."

"Nyamaza, baba, usijiongezee maumivu. Na zile soli zako tulizijua tangu siku ya kwanza. Lile zulia tumelikanyaga miaka kumi na moja. Ndilo lililonivunja mkono. Nitasahauje?"

Mafuta alitazama nyuso zile kumi na moja, hakuna iliyomtazama yeye moja kwa moja, na zote zilikuwa zikitabasamu. "Mlijua? Miezi mitatu yote mnajua? Kwa nini hamkunifukuza?"

"Tungekufukuza," Mzee Dereva aliuliza, "nani angetusomea?"

Muuguzi alimfunga bendeji bila huruma nyingi. Hakuomba tena vyeti. Binti alitaka polisi, na Mzee Dereva akasema kituo kipo mtaa wa pili, njia yake anaijua hata akiwa amefumba macho. Mama Fundi akasema hapana. Mguu wa mwalimu umelegea, na kama muuguzi alivyofundisha, mtu aliyeanguka hatibiwi kwa kufungiwa. Achague mwenyewe, kituoni au ukumbini. Na sanduku alichukue, ahadi ni ahadi, yeye amesimamishwa na huyu na si mwingine. Binti alirudisha maboksi yake kwenye gari. Kabla hajaondoka alimkumbatia mama yake muda mrefu pale chini ya ngazi, na mama akamwambia aje Jumamosi, hiyo sketi inambana kiunoni, amlegezee mshono.

Jumanne iliyofuata Mafuta alipanda ngazi kumi na tano akizihesabu moja moja. Alipewa kiti cha mbao katikati ya mstari, na viti vyote viwili vya jirani vilikuwa na watu. Alisimama bila mikono. Alikaa. Alisimama tena, akihema, na Mzee Dereva akamwambia anapinda mgongo.

"Mwalimu," Mama Fundi alisema walipopumzika, "siku ile zahanati nilikuuliza kama karatasi ina upande wa pili."

Mafuta aliitoa karatasi mfukoni.

"Ina?"

"Ina, mama."

"Basi tusomee."

Mafuta aliigeuza karatasi, akaisogeza karibu na dirisha. "'Kushuka ngazi,'" alisoma, akakitazama kifundo chake cha mguu. "'Shika reli kwa mkono mmoja. Hesabu ngazi. Usibebe kamwe mzigo mkubwa unaokuzuia kuona unapokanyaga.'"

Hakuna aliyecheka. Walikaa wima, mikono magotini, wasikivu kama watoto wa darasa la kwanza.

"Rudia, mwalimu," Mama Fundi alisema. "Mzee Dereva hakusikia vizuri."

Na Mzee Dereva, aliyesikia breki za magari mtaa wa tatu, aliweka kiganja nyuma ya sikio.